Biwi la Bahnasa: Tungo Zilizookolewa na Jaa

Katika maneno ya Kiswahili yanayotaja mahali pa kutupia taka, jaa na jalala ndiyo ya kila siku, na dampo limekuja juzi pamoja na malori ya manispaa. Biwi limebaki mikononi mwa washairi na wanariwaya, nao hawalitoi ila likiwa limefungamana na simanzi. Ninalirudisha leo kwenye maana yake ya kwanza, lundo la takataka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mashairi tuliyo nayo ya Sappho, yule mshairi mwanamke wa Kigiriki wa kisiwa cha Lesbos aliyeishi yapata miaka 600 kabla ya Kristo, ilitolewa katika mabiwi yaliyouzunguka mji mmoja wa Misri ya Kirumi. Kwa sisi tunaoshughulika na tungo za zamani, habari ya mabiwi hayo inatuhusu kwa mambo mawili: namna maneno yanavyookoka, na namna wanaoyaokota wanavyopaswa kuyatendea. La pili ndilo lililonifanya niandike.

Wagiriki waliuita mji huo Oxyrhynchus, kwa jina la samaki wa Nile mwenye pua ndefu iliyochongoka, ambaye wenyeji walimtukuza. Waarabu waliuita Bahnasa, na kijiji kilichopo leo ni el-Bahnasa. Upo kilomita 160 hivi kusini mwa Kairo, kando ya Bahr Yusuf, mkono wa Nile unaopita magharibi ya mto mkuu, mahali ambapo mashamba huishia na jangwa huanza. Chini ya Warumi ulikuwa makao makuu ya wilaya, mji wa barabara zenye safu za nguzo, wa mabafu na mahekalu, na wa ukumbi wa maonyesho ambao Flinders Petrie, alipoufukua mwaka 1922, aliukadiria kuwa ulichukua watu wapatao 11,000. Mawe ya majengo hayo karibu yote yamekwisha kuchukuliwa na kujengewa nyumba nyingine. Taka hakuna aliyezitaka, nazo zikabaki.

Wakazi walizibeba kwa vikapu hadi viungani, wakazimwaga, na watoto wao wakafanya hivyo, na wajukuu. Baadhi ya mabiwi yalipanda hadi kufikia mita nane au tisa. Humo mlikuwa na majani makavu, vyungu vilivyovunjika, kandambili zilizokatika, na kati yake karatasi: risiti za kodi, barua, mashtaka, hesabu za nafaka, kazi za wanafunzi, vitabu vilivyochakaa. Mvua huko hainyeshi ila kwa nadra, na mafuriko ya Nile, yaliyokuwa yakifunika mashamba kila mwaka, hayakuyafikia mabiwi yale. Mafunjo huozeshwa na unyevu, na yakikosa unyevu hudumu. Ndiyo maana Alexandria, uliokuwa na maktaba mashuhuri kuliko zote za zama zile, umetuachia karatasi chache mno, kwa kuwa udongo wake wa pwani ni wa majimaji. Na huu mji wa wilaya, uliokuwa ukisoma nakala za vitabu vilivyohaririwa huko Alexandria, umetuachia vipande vinavyokadiriwa kufikia laki tano.

Nimesema karatasi, na sikulitumia neno hilo ovyo. Karatasi yetu inatokana na qirtas ya Kiarabu, na hiyo inatokana na khartes ya Kigiriki, ambayo ndiyo hasa ile shiti ya mafunjo yaliyopasuliwa, yakapangwa, yakagandamizwa na kuanikwa. Kalamu nayo ni qalam, na nyuma ya qalam ni kalamos, yaani tete. Mswahili anapoomba kalamu na karatasi anavitaja vyombo vilevile vya karani wa Oxyrhynchus, kwa majina yaleyale, yaliyolainishwa tu na vinywa vilivyoyapitisha.

Bernard Grenfell na Arthur Hunt walikuwa vijana wawili wa Chuo cha Queen's, Oxford, waliochimba kwa niaba ya shirika lililoitwa Egypt Exploration Fund. Walifika Bahnasa mwishoni mwa mwaka 1896 na wakaanzia makaburini, kama ambavyo karibu kila mchimbaji wa zama zile angeanzia. Makaburi hayakuwapa mengi. Januari 1897 wakahamia kwenye mabiwi, na mara karatasi zikaanza kutoka. Siku chache hazikupita kabla Hunt, akichambua zilizotoka, hajaona katika jani moja lililokunjamana neno karphos. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua neno hilo kwa jina la kibanzi, kile kilicho katika jicho la ndugu yako. Neno moja likatosha kumwambia kwamba ameshika maneno ya Yesu, ingawa jani lenyewe halikuwa la Injili yoyote iliyojulikana. Lilichapishwa mwaka uleule. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1945, vilipopatikana vitabu vya Kikopti karibu na Nag Hammadi, ndipo ikajulikana kwamba ni sehemu ya ile iitwayo Injili ya Tomaso.

Makaburi yale nayo hayakuwa matupu. Ujumbe wa Chuo Kikuu cha Barcelona, uliofanya kazi Bahnasa tangu mwaka 1992, ulitangaza mwaka 2021 kwamba umekuta makaburi ya kale kuliko Warumi, yenye masalia ya watu waliotiwa kinywani ulimi wa bati jembamba la dhahabu. Maelezo ya kawaida ya desturi hiyo ni kwamba marehemu apate kusema mbele ya Osiri atakapohukumiwa. Mtu anayeandika kuhusu lugha hawezi kuipita habari hii bila kusimama. Ndimi tunazo, zinang'aa kama siku zilipochongwa, na maneno yaliyokusudiwa kusemwa kwazo hatunayo.

Kazi ya mabiwi ilifanywa na wanaume na wavulana wa Misri, wakati mwingine zaidi ya mia kwa siku, katika vumbi lililowafanya wasionane. Walikuwa na neno lao, afsh, la tabaka la udongo uliochanganyika na majani makavu na vijiti. Kwenye afsh karatasi hupatikana. Penye udongo uliogandamana kwa unyevu, au penye vumbi tupu, huna haja ya kupoteza siku. Ujuzi huo wa kuusoma udongo kabla ya kuusoma maandishi ulikuwa wa wachimbaji, na vitabu vingi vya historia ya fasihi ya Kigiriki huupita kimya. Kila aliyepata kipande kizuri alipewa bakshishi juu ya ujira, ili asishawishike kukificha na kumwuzia mlanguzi. Pia walikuwa wakikimbizana na wakulima, ambao tangu zamani waliuchimba udongo wa magofu, sabakh, kwa sababu una chumvi za kurutubisha mashamba. Kilima kimoja hawakukigusa, kwa kuwa juu yake palikuwa na kaburi la sheikh. Waitaliano ndio waliokuja kukichimba, miaka ya 1930.

Mwanaakiolojia wa leo akisoma taarifa za Grenfell na Hunt huguna, na ana haki. Walikuwa wakitafuta maandishi. Vyungu, viatu, mifupa na mbegu vilipewa nafasi ndogo, na mahali hasa kila karatasi ilipolala, na ilikuwa jirani ya karatasi gani, mara nyingi hapakuandikwa kwa ukamilifu. Tungejua ni nyumba ya nani iliyotupa mashairi ya Sappho pamoja na risiti zipi, tungejua mengi kuhusu waliomsoma. Ujirani huo ulivunjika mara moja tu, siku sururu ilipoingia, na hauwezi kuungwa tena. Hata hivyo siwezi kuwakasirikia kwa moyo wote. Sabakh ilikuwa inaondoka kwenda mashambani kila msimu.

Walirudi mwaka 1903 na kuendelea kila majira ya baridi hadi 1907. Katika mwezi wa Januari 1906, jua likikaribia kuzama, wachimbaji walifika mahali ambapo mtu fulani wa karne ya tatu alikuwa amemwaga kikapu kizima cha magombo ya vitabu yaliyochanika. Humo mlikuwa na nyimbo za Pindar zilizodhaniwa kupotea kabisa, tamthilia ya Euripides iitwayo Hypsipyle, maandishi ya Plato, na historia ya Ugiriki ambayo mwandishi wake hadi leo anabishaniwa. Kazi iliendelea gizani kwa mwanga wa taa. Huyo aliyekimwaga kikapu simwoni kuwa mjinga. Labda alinunua nakala mpya, labda alirithi vitabu asivyoweza kuvisoma. Ila kama angaliviweka kabatini kwa heshima, visingalitufikia.

Fasihi ni sehemu ndogo ya yaliyopatikana. Nyingi ni karatasi za watu walioandika kwa haja ya siku hiyo tu. Mashuhuri kati yake ni barua ya kibarua mmoja, Hilarion, aliyekuwa Alexandria kutafuta riziki mwaka 1 kabla ya Kristo, kwenda kwa Alis, ambaye anamwita dada, kama wenzi wa huko walivyozoea kuitana. Anamsihi amtunze mdogo wao, anaahidi kutuma kitu mara akipata ujira. Kisha, kwa sauti ileile, anamwelekeza kwamba akijifungua mtoto wa kiume amlee, na akiwa wa kike amtupe. Na mara baada ya hapo anamjibu salamu aliyotumiwa, ya kwamba asimsahau: anauliza atawezaje kumsahau, na anamwomba asiwe na wasiwasi. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, na kila mara ni huo mpangilio wa sentensi unaonisumbua. Hakuna mahali ambapo kalamu yake ilisita.

Watoto waliotupwa walitupwa jaani. Wengine waliokotwa wakalelewa, mara nyingi wawe watumwa, na katika hati za Misri ya Kirumi tunakutana na watu wanaoitwa Kopreus au Kopria, majina yanayotokana na neno la Kigiriki la jaa la samadi. Wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema kila mwenye jina hilo, au babu yake, aliokotwa biwini. Wapo wanaosema ni jina la kinga, mtoto aitwe taka ili kifo kisimtamani. Sisi tunaoishi na akina Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua hatuoni ugumu katika hoja ya pili. Majina hayo yalirithiwa, wakayabeba hata watu wenye mali, bila aibu yoyote inayoonekana katika maandishi.

Sasa Sappho. Wahariri wa Alexandria walizipanga tungo zake katika vitabu kadhaa, kisha katika zama za baadaye nakala zikakoma kunakiliwa, na kwa karne nyingi alijulikana kwa beti chache tu zilizonukuliwa na waandishi wa sarufi na wa balagha. Juzuu la kwanza la maandishi ya Oxyrhynchus, la mwaka 1898, tayari lilikuwa na kipande chake, ombi kwa mabinti wa bahari wamrudishe kaka yake salama. Juzuu la mwaka 1914 lilileta gombo lililochanika vibaya zaidi, lakini lenye hazina. Ndimo ulimo ule utungo anaoukataa utukufu wa wapanda farasi, wa askari wa miguu na wa merikebu, akadai kwamba kilicho kizuri kuliko vyote juu ya ardhi ni kile mtu anachokipenda. Na mwisho wa gombo, mwandishi aliyelinakili, pengine kwa sababu alilipwa kwa idadi ya mishororo, ameandika jumla: 1,320.

Nawaomba washairi wenzangu waitazame tarakimu hiyo. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha beti za aina moja, kila ubeti ukiwa na mishororo minne, kwa hiyo kilikuwa na beti 330. Ubeti wenyewe ni wa mishororo mitatu yenye mizani kumi na moja kila mmoja, na wa nne mfupi wenye mizani mitano. Kwa Kiswahili tungeuita msuko bila kusitasita, ingawa Wagiriki walipima urefu na ufupi wa silabi, sisi tunahesabu idadi tu, na wao vina hawakuwa navyo. Mtu aliyewahi kutunga msuko anajua kazi ya ule mshororo mfupi wa mwisho: mlango unaofungwa kabla mgeni hajategemea. Tunajua basi kimo halisi cha kilichopotea. Si kawaida kupewa hesabu ya msiba kwa usahihi namna hiyo.

Vipande vya gombo hilo ni vidogo, vingine havizidi ukucha, na hapa ndipo kazi ya mhariri inapoanza. Anacho kipande chenye maneno mawili ya mwanzo, kisha tundu, kisha silabi ya mwisho. Upana wa tundu unamwambia ni herufi ngapi zilizopotea. Mizani inamwambia ni silabi gani zinazoweza kuingia. Lahaja ya Lesbos inamkataza maumbo fulani. Baada ya vizuizi vyote hivyo, wakati mwingine linabaki neno moja tu linaloingia, na wakati mwingine yanabaki matatu. Ili msomaji asidanganyike, wataalamu walikubaliana huko Leiden, mwaka 1931, juu ya alama za pamoja. Kilichopotea huwekwa ndani ya mabano ya mraba, kiwe kimejazwa au kimeachwa wazi. Herufi isiyosomeka kwa hakika huwekewa kitone chini yake. Alichosahau mwandishi wa kale na mhariri akakiongeza huwekewa mabano ya ncha kali. Ukurasa wa Sappho uliochapishwa kwa utaratibu huo una mabano mengi kuliko maneno. Mshairi Anne Carson, alipomfasiri kwa Kiingereza mwaka 2002, aliyaacha mabano yaonekane hata katika tafsiri, na sidhani kama kuna anayesoma kitabu kile akatamani yaondolewe.

Tulete jambo hili karibu. Hii hapa mishororo miwili niliyoiunga mwenyewe kwa ajili ya mfano tu, kisha nikaitoboa kama mchwa angeitoboa:

Jaa halina [. . .], hupokea kila kitu,
Hati, deni na kilio, na siri zilizo kwe[. .]

Tundu la pili halimsumbui mtu. Kina cha mwisho ni tu, neno ni kwetu, na kwenu na kwema vimekwisha kufungiwa nje. Tundu la kwanza ni gumu zaidi. Ukwapi una mizani minane, tano zipo, zimepotea tatu. Kina cha kati, tukikitazama chini yake katika kilio, ni o inayosimama peke yake baada ya irabu nyingine. Nilipoitunga niliandika chaguo. Lakini kituo nalo linaingia, mizani mitatu, kina kilekile, na maana yake haina kasoro: jaa lisilopumzika badala ya jaa lisilobagua. Mizani na vina vimetuongoza hadi mlangoni vikatuachia hapo. Mhariri mwaminifu angeandika mojawapo ndani ya mabano, akaitaja nyingine chini ya ukurasa, na angeeleza kwa nini ameipendelea ya kwanza. Mhariri asiyejali angeandika kituo bila mabano, na baada ya miaka hamsini pangekuwa na tasnifu kuhusu dhana ya kupumzika katika ushairi wangu.

Hatari hii katika maandishi yetu ni kubwa kuliko katika Kigiriki, kwa sababu ya hati. Miswada ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na uandishi wa zamani haukutenganisha e na i, wala o na u, wala p na b. N iliyotangulia d mara nyingi haikuandikwa kabisa. Kwa mwandishi na wasomaji wake hilo halikuwa tatizo, maana walikuwa wakisoma walichokwisha kukisikia. Kwetu sisi ni tundu lisilo na tundu: karatasi ni nzima, wino unasomeka, na bado hatujui. Penda na pinda huandikwa sawasawa. Mizani ni ileile, kina ni kilekile. Shairi lenye neno hilo mwishoni mwa mshororo laweza kuwa la mapenzi au la mtu aliyeinamishwa, na anayeamua ni yule anayelihamishia katika herufi za Kirumi. Nimesoma matoleo ya tendi ambamo uamuzi wa aina hiyo umefanywa mamia ya mara, na hakuna hata mara moja msomaji alipoambiwa kwamba palikuwa na la kuamuliwa. Lugha imenyooshwa, mizani iliyopungua imejazwa, beti zilizopinda zimepindwa upande wa pili. Toleo linasomeka vizuri sana. Lakini nikitaka kumnukuu mtunzi sijui nimnukuu nani.

Isidhaniwe ninawadharau waliotutangulia. Pwani yetu haina jangwa. Ina mvua ya masika na vuli, ina chumvi hewani, ina mchwa na nondo, na karatasi iliyotupwa jaani Lamu au Mombasa haimalizi mwaka. Kilichookoka kimeokolewa na koo na mkono: mtu kukihifadhi moyoni, na mwingine kukinakili upya kila kizazi. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya kumi na nane hadi mwaka 1840 hivi. Miongo kadhaa baada ya kifo chake ndipo mmisionari W. E. Taylor alipokusanya tungo zake, na hangeweza kufika popote bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezifuatilia kwa waliozikumbuka na kuzieleza. Diwani ikachapishwa mwaka 1940 na William Hichens, na karatasi za Taylor zimehifadhiwa London. Huko Dar es Salaam, J. W. T. Allen aliikusanyia maktaba ya Chuo Kikuu miswada mingi katika miaka ya 1960. Kila mmoja alifanya kazi ya watu kumi. Ninachosema ni kwamba kazi ya kurudi kwenye karatasi zile na kuweka mabano mahali panapostahili mabano bado ipo, na inawasubiri watu wanaojua hati, mizani na lahaja kwa pamoja. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wapo.

Na mahadhi je? Mwaka 1922 kilichapishwa kipande kingine kutoka Bahnasa, cha mwishoni mwa karne ya tatu: utenzi wa Kikristo wa kumsifu Mungu, na juu ya maneno yake alama za tuni. Ni wimbo wa kale kabisa wa Kikristo uliotufikia pamoja na tuni yake. Uliandikwa nyuma ya hesabu ya nafaka, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na upande mmoja ulikuwa bado mweupe. Tungo zetu nazo ziliimbwa, ukiwamo utendi, na mahadhi mengi hayakupata hata mgongo wa hesabu ya nafaka. Mwenye mzee wa kumwimbia na simu ya kurekodia asingoje kongamano.

Vipande laki tano ni vingi. Tangu mwaka 1898 yametoka majuzuu zaidi ya themanini, yenye maandishi yapitayo elfu tano, na sehemu kubwa bado imo ndani ya masanduku huko Oxford. Mwaka 2011 ulianzishwa mradi uitwao Ancient Lives, uliowaalika watu wa kawaida waziandike herufi walizoziona kwenye picha mtandaoni, hata kama hawajui Kigiriki. Wengi waliitikia. Vipande vingine vilikwisha kugawiwa kwa makumbusho na vyuo vya nchi mbalimbali kama shukrani kwa waliochangia gharama za uchimbaji, kiasi kwamba karatasi mbili zilizolala pamoja miaka elfu moja na mia saba sasa huenda zimetenganishwa na bahari.

Hati za mwisho za Kigiriki katika mabiwi yale ni za karne ya saba. Zipo za mwaka 612 zinazoanza, kama sheria ilivyotaka, kwa jina na mwaka wa utawala wa Kaisari Heraclius. Jina hilo wapenzi wa tendi wanalijua. Ni Herekali yule wa Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ambao nakala yake mashuhuri ina tarehe ya mwaka 1728, na ambao Mwengo wa Athumani aliutunga Pate. Kilichomfikia Mwengo kilitoka katika masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, visa vya vita vya Waislamu wa mwanzo, na katika jamii hiyohiyo ya visa kipo kimoja kiitwacho Futuh al-Bahnasa, kinachosimulia kutekwa kwa mji huu huu. Majeshi ya Waarabu yalipoingia Misri, kati ya miaka 639 na 642, Heraclius alikuwa bado hai kwa sehemu ya vita hivyo. Maisha ya mji yakaendelea. Risiti ziliandikwa, zikatupwa, na juu ya tabaka za Kigiriki na Kikopti wachimbaji walikuta karatasi za mafunjo zilizoandikwa kwa Kiarabu, na walioziandika walikuwa wameanza kuiita ile shiti qirtas.